Calypso Rose, Singing Sandra na wenzao: kwa nini taji la taifa Trinidad liliwachelewa?

Msomaji mmoja ameuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nimesikia kuna bibi wa Trinidad na Tobago anaitwa Calypso Rose, eti alishinda tuzo ya taifa mpaka jina la tuzo likabadilishwa. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona baada yake naona majina ya wanaume tu, wanawake wakongwe walikuwa wapi? Halafu hizi heshima wanazopewa uzeeni zinawasaidia nini? Na nikitaka kuwasikiliza nianzie wapi?"

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza mambo manne na yote yanashikana, kwahiyo nivumilie maana jibu litakuwa refu, hawa akina mama nawapenda sana na sitaki niwapitie juu juu.

Lile la kwanza ni kweli kabisa. Shindano la taifa la kalipso, muziki wa kule wa kusimulia na kukejeli mambo ya jamii, lilianza 1939, mshindi wa kwanza akiwa Growling Tiger, na kwa miaka mingi mshindi alikuwa anaitwa Calypso King, mfalme wa kalipso, na kwa kweli walikuwa wanaume watupu. Mwaka 1978 akapanda Rose, akaimba nyimbo mbili, Her Majesty na I Thank Thee, akashinda, na kuanzia hapo tuzo ikawa inaitwa Calypso Monarch ili iweze kumkaa yeyote, na ndo jina lake mpaka leo. Ila watu wengi wakisimulia stori hii wanaishia hapo wakati kuna kubwa zaidi, sababu msimu huohuo wa 1978 alichukua na Road March kwa Come Leh We Jam, na Road March ya 1977 ilikuwa yake pia kwa Gimme More Tempo. Mataji matatu ndani ya misimu miwili, na hakuna mwanamke aliyewahi kushika hata moja kati ya hayo kabla yake.

Sasa hapa naomba nikae kidogo, maana usipotofautisha hizi tuzo mbili hutaelewa kitu chochote kuhusu wanawake na tuzo Trinidad.

Calypso Monarch ni shindano la kukaa mbele ya majaji. Unapita mchujo kwenye tenti (wanaita tenti ila siku hizi ni kumbi tu ambazo waimbaji wanapiga shoo usiku kuanzia mwanzoni mwa mwaka mpaka kanivali, ile sherehe kubwa ya mitaani kabla ya Jumatano ya Majivu), ukichaguliwa unaenda nusu fainali Skinner Park, mji wa San Fernando, ukivuka hapo ndo fainali, ambayo kwa miaka mingi imefanyika Queen's Park Savannah, Port of Spain, usiku wa Jumapili kabla ya kanivali wanaouita Dimanche Gras. Majaji wanaangalia maneno ya wimbo, tuni, uimbaji wako, unavyojitokeza steji. Kwa miaka mingi fainali mtu alikuwa anaimba nyimbo mbili. Na lazima ziwe nyimbo za msimu huo, hilo lishike vizuri tutalirudia.

Road March ni kitu kingine kabisa. Huku hakuna kuingia shindanoni na hakuna jaji wa kusema wimbo huu mtamu ule sio mtamu. Jumatatu na Jumanne ya kanivali vikundi vya mas, maelfu ya watu wamevaa mavazi yao, wanapita kwenye vituo vya barabarani na steji, na kila kikundi kina muziki wake, basi wanahesabu ni wimbo gani umepigwa mara nyingi zaidi vikundi vikipita hapo. Uliopigwa zaidi ndo umeshinda. Ni hesabu tupu.

Unaweza kudhani tuzo ya hesabu haiwezi kumbagua mwanamke. Lakini ili wimbo upigwe barabarani inabidi bendi ziuchukue, redio ziupige, tenti kubwa zikupe nafasi wiki nyingi kabla, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwaka 1966 Rose alitoa Fire in Me Wire, wimbo ukawaka nchi nzima mpaka watu wakauimba na kanivali iliyofuata, kitu ambacho kwa kalipso za kule ni nadra maana wimbo wa mwaka jana unahesabika umeshakufa. Na taji hakupata. Wapo wengi wanaoamini mpaka leo kwamba angekuwa mwanaume angepewa, na mimi ukiniuliza naona wana haki ya kuamini hivyo. Amesubiri miaka 11 tangu wimbo ule mpaka Road March ya kwanza.

Na tusisahau 1966 hakuwa mgeni. Huyu mama kazaliwa Aprili 1940 kijiji cha Bethel kisiwa cha Tobago, ambacho ndo kile kidogo kati ya viwili, baba yake kiongozi wa kanisa la Kibaptisti lile la kiroho na hakutaka kusikia habari ya mwanawe kuimba kalipso. Akiwa na miaka 9 akapelekwa kuishi kwa mjomba wake Barataria huko Trinidad, na wimbo wake wa kwanza kautunga ana miaka 15 baada ya kuona mtu anamnyang'anya mwanamke miwani usoni na kukimbia nayo. Wimbo wa mtoto wa miaka 15 kuhusu mwizi wa miwani! Hiyo ndo kalipso yenyewe, kuona kitu mtaani leo na kesho watu wanakiimba. Mwaka 1963 akaenda Virgin Islands akashinda taji la kule, yaani wenzao wa visiwa vingine walishamvika wakati nyumbani bado wanajadili kama mwanamke anafaa kusimama kwenye tenti.

Na huo mjadala wenyewe ulikuwa wa ajabu ukitazama historia, maana karne ya 19 wanawake walikuwa ndani ya muziki huu kabisa. Kulikuwa na waimbishaji wanaoitwa chantwell, wanaoongoza nyimbo za vikundi vya kanivali na vya wapigana fimbo, na wengi walikuwa wanawake, kuna mpaka aina ya wimbo, cariso, iliyokuwa inaimbwa hasa na wao. Kilichobadilisha mambo ni serikali ya kikoloni kuibana kanivali ya watu maskini, zikatokea vurugu za Canboulay (maandamano ya mienge ya kanivali) 1881, baada yake zikaja sheria za kuzuia ngoma na mienge na vikundi vya fimbo, kanivali ikasafishwa ili watu wa tabaka la juu waione inafaa, na yule mwanamke wa mtaani mwenye sauti kubwa ndo wa kwanza kusukumwa pembeni, akaitwa mhuni. Tenti za kulipia zilipokuja kushamiri mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa za wanaume. Miaka ya 1930 akajitokeza Lady Trinidad akaimba na kurekodi, baadaye Lady Iere akawa anaimba na mumewe Lord Iere, lakini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwahiyo Rose hakuwa anaingia nyumba ya watu, alikuwa anarudi nyumba ambayo bibi zake walitolewa.

Sasa swali lako la pili, mbona baada yake wanaume tu. Ukihesabu kutoka 1978 mpaka 2020 wanawake walioshinda Calypso Monarch ni watano: Rose mwenyewe 1978, Singing Sandra 1999 na tena 2003, Denyse Plummer 2001, Karene Asche 2011, na Terri Lyons 2020. Kati ya Rose na Sandra imepita miaka 21 bila mwanamke hata mmoja. Road March ndo hivyohivyo, baada ya Rose 1978 mwanamke aliyefuata ni Sanell Dempster akiwa na bendi ya Blue Ventures, wimbo River, mwaka 1999. Miaka 21 kule, miaka 21 huku.

Na hapa kuna kitu sijaona watu wakikisema sana. Angalia miaka: 1978 Rose kachukua Monarch na Road March zote. 1999 Sandra Monarch, Sanell Road March. 2003 Sandra tena Monarch, na Road March ikaenda kwa Fay-Ann Lyons na wimbo wake Display. Mara tatu mwanamke kushinda kwa majaji kumetokea mwaka uleule mwanamke kushinda barabarani. Siyo kila mara, 2001 Denyse kashinda kwa majaji na barabara ilikuwa ya Shadow, mwanaume, 2020 vilevile barabara ilikuwa ya wanaume. Mimi tafsiri yangu ni kwamba majaji hawakai angani, wanasikia redio ileile na wanapita mitaa ileile, msimu ambao sauti za wanawake zimejaa masikioni mwa watu hata jaji hawezi tena kuona mwanamke juu ya steji kama kitu cha pembeni. Nchi yenyewe ina watu kama milioni 1.4 hivi, kila mtu anasikia kinachosikika.

Halafu udogo wa nchi una upande wake mbaya ambao nataka uuelewe. Soko la ndani ni dogo, msimu ni wa wiki chache kabla ya Jumatano ya Majivu, na ukimaliza hapo mwimbaji wa kalipso anaishi kwa safari: Brooklyn kwenye kanivali ya Wakaribi mwezi wa tisa, Toronto, Notting Hill kule London, na visiwa jirani kila kimoja na kanivali yake. Promota wa Toronto anamwita nani? Anamwita mwenye taji. Kwahiyo taji la taifa pale siyo kombe la kuweka kabatini, ni tiketi ya kazi ya mwaka mzima, na kumnyima mwanamke taji kulikuwa ni kumnyima kula. Rose alihamia Queens, New York, mwaka 1983, miaka mitano tu baada ya kuwa juu kabisa, na wako wengi wa kizazi chake waliofanya hivyohivyo.

Nikasema kuhusu nyimbo za msimu tutarudi. Hili ndo jambo ambalo kwa maoni yangu linawaumiza wakongwe kuliko yote, na ndo jibu la moyo wa swali lako. Tuzo hii haimpi mtu alama hata moja kwa miaka aliyoimba. Uwe umeanza mwaka jana au una miaka 30 kazini, ukifika Savannah unapimwa kwa ulichoimba mwaka huo, basi. Inaonekana ni haki, na kwa upande mmoja ni haki kweli, inafanya kalipso iendelee kuzungumza mambo ya leo. Lakini mwanaume mkongwe mara nyingi alikuwa na watunzi wanaomzunguka, ana bendi, ana mke nyumbani anayeshika watoto wakati yeye yuko tenti mpaka usiku wa manane, kwahiyo kila mwaka anaweza kuja na wimbo mpya uliopikwa vizuri. Mwanamke akizaa anakosa misimu, akiuguza mzazi anakosa misimu, na akirudi hakuna aliyemtunzia nafasi. Anaanza sifuri. Ukijumlisha misimu aliyokosa ndo unapata ile miaka 21.

Msikilize Singing Sandra halafu utaniambia. Jina lake Sandra DesVignes-Millington, mtoto wa mitaa ya maskini ya Port of Spain, na wimbo uliomtambulisha nchi nzima ni Die With My Dignity wa 1987, uliotungwa na Tobago Crusoe, kuhusu mwanamke anayetafuta kazi na kila bosi anataka mwili wake kwanza. Anakataa. Kila mwanamke aliyewahi kutafuta kazi kwenye ofisi ya watu anauelewa wimbo ule bila kuhitaji kujua kalipso ni nini. Sasa piga hesabu, kutoka wimbo ule mpaka taji lake la kwanza ni miaka 12. Na katikati hakukaa kimya, alikuwa na wenzake Lady B, Tigress na Marvelous Marva kwenye kikundi cha United Sisters, wakatoa Whoa Donkey mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukawa wimbo wa kuchezwa kabisa, watu wazima wanaruka. Mwaka 1999 ndo akaja na Song for Healing na Voices from the Ghetto, na huu wa pili naomba uusikilize ukiwa umetulia, anaeleza maisha ya ghetto kwa sauti nzito ya mtu anayejua anachosema, hakuna kujipendekeza hata chembe. Alipochukua tena 2003, kwa For Whom the Bell Tolls na Ancient Rhythm, akawa mwanamke pekee mwenye mataji mawili ya Monarch, na mpaka alipofariki Januari 2021 hakuna mwanamke aliyemfikia.

Denyse Plummer naye ana kisa kinachouma. Huyu alikuwa wa damu mchanganyiko, baba mzungu mama mweusi, rangi yake nyeupe, kwahiyo alipoingia kwenye kalipso 1986 umati wa Skinner Park ukaona huyu siyo wetu. Umati wa Skinner Park unasifika kwa ukali, wasipokutaka wanakupungia makaratasi ya chooni, ila yeye walimrushia kabisa, makaratasi na machungwa. Akaendelea kuimba mpaka mwisho wa wimbo. Mwaka uliofuata akarudi. Na uliofuata. Umati uleule taratibu ukampenda, Woman Is Boss ya 1988 ikawa wimbo wa wanawake wa Trinidad, na 2001 akavikwa taji kwa Heroes na Nah Leaving, na huo wa pili ni wa mtu anayesema nchi hii haniondoi mtu, na kwa alichopitia, nani wa kumbishia. Baadaye akaingia kwenye nyimbo za injili, akafariki Agosti 2023. Mimi katika hawa wote ujasiri wa Denyse ndo unanishangaza zaidi, sababu Rose na Sandra walikataliwa na wenye mamlaka, yeye alikataliwa na watu aliokuwa anawaimbia, uso kwa uso.

Kuna mtu atasema lakini wanawake walikuwa na shindano lao. Ndiyo, Calypso Queen lilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rose alilichukua mara 5, na Singing Francine, mzaliwa wa Barbados aliyejijengea jina Trinidad, alilichukua pia, na tangu katikati ya miaka ya 1980 likawa mikononi mwa National Women's Action Committee, akina mama waliolishika kwa bidii kubwa. Watu wanagawanyika hapa. Wengine wanasema lile shindano liliwaweka wanawake kwenye chumba cha pembeni, wachukue umalkia wao watulie, ufalme waachiwe wanaume. Mi sikubaliani, au tuseme nakubali nusu. Kwa miaka ya 70 hoja ina ukweli, ukishapewa taji la wanawake ni rahisi kuambiwa lako si umeshapata. Lakini bila lile shindano wasichana wengi wasingepata mahali pa kusimama na bendi kamili nyuma yao na wimbo walioufanyia kazi, na Denyse, yule wa kurushiwa machungwa, alipata nguvu zake za kujiamini kwenye majukwaa kama yale. Shule haiwi mbaya kwa sababu kuna watu wanataka usimalize.

Na nyimbo zenyewe. Singing Francine kwenye Runaway, mwishoni mwa miaka ya 70, anamwambia mwanamke anayepigwa na mume aondoke, wakati kalipso kibao za wanaume zilikuwa zinafanya kipigo kuwa kichekesho. Rose alikuwa na No Madam, kuhusu wadada wa kazi za ndani na mshahara wa dharau wanaolipwa. Mambo haya majaji wa enzi zile waliyaona ni ya jikoni, siyo "mambo ya taifa", maana mambo ya taifa ilikuwa ni kumsema waziri mkuu na bei ya mafuta. Ilichukua muda mrefu watu kukubali kwamba mshahara wa mfanyakazi wa ndani ni siasa.

Nisiwasahau wengine wawili. Drupatee Ramgoonai, Mtrinidadi mwenye asili ya India, aliyetoa wimbo uitwao Chutney Soca 1987 na mwaka uliofuata Roll Up the Tassa, akashambuliwa vikali na wahafidhina wa jamii yake kwamba mwanamke wa Kihindu kuimba soca, muziki wa kuchezwa uliozaliwa na kalipso, ni aibu. Baadaye chutney soca, mchanganyiko wa soca na muziki wa Wahindi wa kule, ikapata shindano lake kubwa, lenye mdhamini na umati, na inabidi kila anayepanda pale ajue nani alitukanwa ili yeye apande. Mwingine ni Ella Andall, mzaliwa wa Grenada, mwenye sauti ambayo sijui niielezeje, nyimbo zake za ibada ya Orisha, dini yenye asili ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, zimeheshimiwa kuliko mataji mengi. Watu wa namna hii ukihesabu tuzo tu huwaoni kabisa.

Kizazi kilichofuata kilikuta mlango uko wazi kidogo. Fay-Ann Lyons, mama yake Lady Gypsy na baba yake Superblue wote waimbaji, baada ya ile ya 2003 akachukua Road March 2008 kwa Get On, na 2009 kwa Meet Super Blue, na 2009 hiyo akiwa mjamzito wa miezi ya mwisho akabeba pia mashindano yote mawili ya Soca Monarch, lile la mwendo wa kasi na lile la taratibu. Terri Lyons wa 2020 ni binti wa Superblue pia. Ujauzito uliokuwa unamaliza safari za akina mama wa zamani, kwa Fay-Ann watu walishangilia. Hicho ndo kipimo changu cha kubadilika, kuliko idadi ya makombe.

Sasa heshima za uzeeni. Rose 2016, ana miaka 76, alitoa albamu Far From Home, imetengenezwa na Ivan Duran, mtayarishaji kutoka Belize, nchi yenye watu wachache kuliko hata Trinidad, akishirikiana na Drew Gonsalves wa bendi ya Kobo Town na mwanamuziki Manu Chao. Mwaka huohuo WOMEX, ile maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, wakampa tuzo yao ya msanii (ndo tuzo ya WOMEX waliyompa Bi Kidude wetu 2005, kwahiyo hawa wawili wako kwenye orodha moja). Mapema 2017 Ufaransa wakampa Victoires de la Musique, albamu bora ya muziki wa dunia. 2019 akapanda tamasha la Coachella, California, ana miaka 78, hakuna mtu wa umri ule aliyekuwa amewahi kupiga shoo yake pale. Na huyu ni mtu ambaye miaka ya 1990 alipambana na saratani akapona.

Zinamsaidia nini? Nikujibu kwa uwazi, kombe lenyewe kidogo sana. Kilichomsaidia ni kile kilichokuja kabla ya kombe: mtu alikaa naye studio akamrekodi vizuri, akampa bendi inayomheshimu, akatafuta lebo ya kusambaza na shoo za kulipwa. Tuzo za Ulaya zilifuata albamu, hazikuitangulia. Na nyumbani ndo wakashtuka, kanivali ya 2017 Leave Me Alone, wimbo wake kwenye albamu ile, mwanamke anasema niache nicheze kwa raha zangu usinishike, ukawa kila mahali, Machel Montano, nyota mkubwa wa soca, akauimba naye, na wasichana wa miaka 20 wakavaa fulana zenye maneno yale. Wanawake walikuwa wanadai usalama wao barabarani wakati wa kanivali, na aliyewapa maneno ni bibi wa miaka 76. Serikali nayo imempa nishani za taifa, nzuri, anastahili. Lakini ukiniuliza nchi ndogo imfanyie nini mwimbaji wake wa kike aliyezeeka, nitakuambia mrekodi nyimbo zake upya akiwa na sauti, andika nani alitunga nini ili hela za hakimiliki zimfikie, mwite afundishe akiwa na nguvu, nishani ije juu ya hivyo isije badala yake. Rose mwenyewe husema ametunga nyimbo zaidi ya 800. Ni ngapi unaweza kuzipata leo ukazisikiliza? Kidogo mno, na nyingine zilitoka kwenye santuri za msimu mmoja hazikuchapwa tena. Hilo linaniuma kuliko taji la 1966.

Mwisho umeuliza uanzie wapi. Usianze na zile za Coachella. Anza na Fire in Me Wire usikie Rose kijana, sauti imekaza, anachokoza. Nenda Gimme More Tempo usikie wimbo wa barabarani unavyojengwa, ule mwito wa kudai mwendo uongezwe. Kisha Die With My Dignity ya Sandra, halafu moja kwa moja Voices from the Ghetto ili usikie alivyokomaa ndani ya miaka 12. Woman Is Boss ya Denyse iweke wakati unafanya kazi za nyumbani, ni ya furaha. Runaway ya Francine sikiliza maneno kwa makini hata kama inabidi urudie, Kiingereza cha kule kinakimbia na wana maneno yao. Drupatee umsikilize kwa sauti kubwa kwa ajili ya ngoma za tassa. Ukimaliza hao ndo uje Far From Home nzima, kuanzia wimbo wa kwanza, na ukifika Abatina, ambao unahusu binti aliyeolewa kwa mwanaume mwenye hela akaishia kupigwa, utaona ni maneno yaleyale Francine alikuwa anayasema miaka karibu 40 nyuma. Ukikwama kwenye maneno ya wimbo wowote niandikie mstari uliokushinda, nitakuelezea.